Majina Mengi, Nasaba Moja: Alama za Kimolekuli na Uanuwai wa Migomba ya Maziwa Makuu

Makala haya yanajadili namna alama za kimolekuli zinavyotumiwa kupima uanuwai wa kijenetiki katika mimea, kwa kurejelea migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ile izaayo matoke. Mfano huu unamhusu mwanaisimu sawa na unavyomhusu mwanabotania. Mkulima wa Uganda huuita mgomba mmoja Nakitembe, mwingine Musakala, mwingine Nakabululu, na majina huendelea hadi makumi kadhaa. Swali ni iwapo kila jina lina nasaba yake.

Mnamo 1999 mtaalamu Deborah Karamura aliigawa migomba hii katika makundi matano: Nakitembe, Musakala, Nakabululu, Nfuuka na Mbidde. Kigezo kilikuwa sifa zionekanazo, kama vile umbo la mkungu, mpangilio wa chane na umbo la ndizi yenyewe. Kundi la Mbidde lina ndizi chungu, nazo hukamuliwa maji ya kutengenezea pombe. Kigezo cha sura kina manufaa, lakini sura hubadilika kulingana na rutuba ya udongo, mvua na umri wa mgomba.

Alama za kimolekuli hazitegemei mambo hayo. Jani changa husagwa, DNA ikatolewa ndani ya seli, kisha sehemu teule zikarudufishwa maabarani mara mamilioni. Sehemu zinazopendelewa ni zile ambamo herufi chache za DNA hujirudia mfululizo, mathalani GA-GA-GA. Mmea mmoja waweza kuwa na marudio kumi na mwingine kumi na matano. Tofauti hiyo hurithiwa. Vipande hivyo hupitishwa katika jeli kwa mkondo wa umeme, navyo vifupi hutangulia huku virefu vikibaki nyuma. Mtafiti hulinganisha urefu wa vipande katika sehemu nyingi, akakadiria ukaribu wa mimea kinasaba.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu migomba hii ulitoa matokeo ya kushangaza. Aina zenye majina tofauti zilikaribiana mno, na watafiti wakahitimisha kwamba chimbuko lao ni mmea mmoja uliozidishwa kwa machipukizi. Makundi yaliyotambuliwa kwa macho hayakujitenga katika vipimo vya DNA.

Sababu imo katika maumbile ya mgomba wenyewe. Migomba hii ina seti tatu za kromosomu, jumla 33, na kwa kawaida ndizi zake hazina mbegu. Mkulima hung'oa chipukizi, akalipanda kwingine, na mgomba mpya huwa nakala ya mama yake. Mara chache hutokea badiliko dogo katika DNA: ndizi ikafupika au ikawa chungu. Mkulima mwangalifu huliona, hulitunza chipukizi hilo na kulipa jina.

Hapa yafaa kutahadhari. Alama hizo hugusa sehemu chache tu za DNA, na badiliko dogo la DNA laweza kupita bila kuonekana. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba majina ya wakulima ni ya bure. Jina huhifadhi ladha, matumizi na umbo. Alama huhifadhi ukoo. Anayehesabu majina ili kupima uanuwai wa kijenetiki atapotoka, naye anayefuta majina kwa sababu ya jeli atapoteza maarifa ya vizazi.

Kosa la kwanza ndilo la hatari zaidi shambani. Katikati ya karne ya 20, ndizi za Gros Michel, zilizokuwa zikitawala biashara ya kimataifa, ziliangamizwa na ugonjwa wa Panama katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati, kwa kuwa zote zilikuwa nakala za mmea mmoja. Nchini Uganda, mnyauko wa bakteria wa migomba uliripotiwa mwaka 2001 na ukaenea upesi. Shamba lenye majina ishirini laweza kuonekana limejikinga, kumbe ugonjwa unakuta ukoo uleule kila shina.

Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu walitafuta jeni nje ya ukoo huo. Walichagua migomba michache ya matoke iwezayo kutoa mbegu, wakaichavusha kwa mgomba mwitu uitwao Calcutta 4 wenye ukinzani dhidi ya ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Mmojawapo wa vizazi vya kazi hiyo ulitolewa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2010, nao ukapewa jina la Kiganda: Kiwangaazi, kutokana na kitenzi chenye maana ya kuishi muda mrefu.