Hatua za Kansa ya Tumbo Hupimwaje?

Watu wengi, wakisikia daktari akitaja "kansa ya tumbo, hatua ya tatu," hudhani wamekwisha hukumiwa kufa. Twaona vema tuyaeleze maneno hayo, maana hofu ya jambo lisilojulikana huwazuia wengi kwenda kupimwa.

Hatua si hesabu ya siku zilizosalia. Ni kipimo cha jinsi ugonjwa ulivyoenea mwilini. Njia hii ya kupima ilianzishwa na daktari Mfaransa, Pierre Denoix, kati ya mwaka 1943 na 1952, nayo yatumika hata leo. Ina maswali matatu.

La kwanza: kansa imepenya kiasi gani? Huanza katika utando laini wa ndani ya tumbo la chakula, ikachimba kuelekea misuli, hata ngozi ya nje. La pili: imeingia katika tezi za limfu ngapi? Tezi 1 au 2 si sawa na 7 au zaidi. La tatu: imefika mbali, kama kwenye ini, mapafu, au utando unaofunika matumbo? Ikiwa imefika, hiyo ni hatua ya nne.

Majibu hayapatikani kwa kubonyeza tumbo kwa mkono. Daktari huingiza kinywani mpira mwembamba wenye kamera, akatoa vipande vidogo vya nyama vichunguzwe kwa hadubini. Kisha hupigwa picha za kompyuta za kifua na tumbo. Pengine hutobolewa tundu dogo tumboni ili kamera iingie, kwa sababu chembe ndogo za kansa juu ya utando huweza kufichika katika picha. Baada ya upasuaji, tezi zilizotolewa, ambazo yafaa zisipungue 16, huchunguzwa moja moja, ndipo hatua ithibitike.

Taabu yote hii ni ya nini? Kansa iliyo juu juu pengine huondolewa kwa mpira uleule, bila kupasua. Iliyopenya zaidi hutaka upasuaji, mara nyingi pamoja na dawa. Iliyoenea mbali hutibiwa hasa kwa dawa za kuizuia na kutuliza maumivu. Basi asiyepimwa aweza kupasuliwa bure, au kukosa upasuaji ambao ungemponya.

Kwa hiyo twawasihi: mtu anayekonda bila sababu, anayeshiba upesi, anayetapika damu au kupata choo cheusi, asikae nyumbani akimeza dawa za vidonda vya tumbo miezi na miezi. Na akiisha kutajiwa hatua yake, asiulize tu, "Nimebakiza siku ngapi?" Aulize, "Sasa chaweza kufanyika nini?" Hilo ndilo swali ambalo kipimo hiki kiliwekwa ili kulijibu.