Baiskeli ya Nyumbani ni ya Nani?

Hapa Kehancha wengi wetu twaenda sokoni na hospitalini kwa miguu au kwa baiskeli. Lakini mara nyingi twaona baba amepanda baiskeli, mama yuko nyuma, debe la mahindi kichwani na mtoto mgongoni. Na baiskeli ilinunuliwa kwa mahindi aliyopalilia mama! Debe likifungwa kwenye keria, si mama atapumzika?

Kabla ya kutoka tukague breki, cheni na upepo. Tukitembea tushike kulia, tuyaone magari yakija. Tukiendesha tushike kushoto. Usiku tuvae nguo nyeupe.

Swali la kikundi: Wiki hii nyumbani kwako, nani alibeba mzigo na nani alipanda baiskeli?