Mtoto Mwenye Kigugumizi Asinyang'anywe Kitabu



Katika toleo hili tunawaletea somo linaloweza kutumika katika vikundi vya wazazi, walimu wa shule ya Jumapili na walimu wa kipaimara. Kabla ya kuanza, kikundi kisome Kutoka 4:10-16.

Kosa tulilolifanya

Katika usharika mmoja wa dayosisi yetu tulikuwa na kipindi cha watoto cha kusoma kila Jumamosi mchana. Kila mtoto alisimama kwa zamu na kusoma aya moja kwa sauti. Mvulana mmoja alikuwa na kigugumizi. Akifika kwenye neno linaloanza na herufi p au k, midomo ilikaza, macho yakafumba, na wenzake wakaanza kucheka. Kwa kumwonea huruma tukamwondoa kwenye zamu ya kusoma na kumpa kazi ya kugawa vitabu na kuvikusanya. Mwisho wa robo mwaka tukaandika katika taarifa yetu kwamba mtoto huyo hajui kusoma.

Mwalimu wa shule ya Jumapili ndiye aliyetufumbua macho. Siku moja, baada ya watoto kuondoka, alimkuta mvulana yule amekaa nyuma ya stoo, kitabu mapajani, akifunua kurasa haraka haraka. Alimwuliza hadithi ile inahusu nini. Mtoto alieleza kwa kukwama kwama, lakini alieleza yote, mwanzo hadi mwisho. Kumbe kila alipokusanya vitabu alibaki na kimoja. Alikuwa amemaliza sanduku zima na kuanza upya. Mwalimu alipomwuliza kwa nini anapenda hivyo kusoma, alijibu kwamba kitabu hakimharakishi wala hakimcheki.

Hivyo basi, yule tuliyemwandika kuwa hajui kusoma alikuwa msomaji kuliko watoto wote wa kipindi kile. Tulipima ulimi wake tukadhani tumepima akili yake.

Kigugumizi ni nini?

Kigugumizi ni tatizo la mtiririko wa usemi. Mtu anajua anachotaka kusema, lakini sauti inajirudia, inavutika au inakwama. Takriban watoto 5 kati ya 100 hupitia kipindi cha kigugumizi, na wengi huanza wakiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5. Walio wengi huacha kadiri wanavyokua, hata kwa watu wazima hubaki kama mtu 1 kati ya 100. Huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja. Wataalamu wanaeleza kwamba chanzo chake kinahusu urithi na jinsi ubongo unavyoongoza usemi.

Kwa hiyo kigugumizi si dalili ya ujinga, si kurogwa, wala si matokeo ya malezi mabaya. Vilevile hakiponi kwa kumkata mtoto chini ya ulimi. Mwaka 1841 daktari mpasuaji maarufu wa Ujerumani, Johann Friedrich Dieffenbach, alijaribu kuwapasua ndimi wenye kigugumizi, na njia hiyo ikaachwa kwa kuwa ilileta madhara bila kuponya.

Lipo jambo moja linalotuhusu sana sisi tulio kanisani. Watu wengi wenye kigugumizi hawakwami wanapoimba, wala wanaposoma pamoja na wengine kwa sauti moja. Fikirini ibada zetu: Zaburi tunazosoma kwa kupokezana, Imani tunayoikiri pamoja, kwaya. Mtoto anayekwama akiwa peke yake anaweza kusema vizuri kabisa akiwa ndani ya sauti za wenzake.

Mfano wa James Earl Jones

Mwigizaji wa Marekani James Earl Jones alizaliwa mwaka 1931 katika jimbo la Mississippi, akalelewa na babu na bibi yake mashambani Michigan. Kwa sababu ya kigugumizi alikaa karibu miaka minane bila kuzungumza shuleni. Alipofika sekondari, mwalimu wake Donald Crouch aligundua kwamba kijana huyu mkimya anatunga mashairi. Alimwambia shairi lake ni zuri mno, na kama kweli ni lake alithibitishe kwa kulisema mbele ya darasa bila kuangalia karatasi. Kijana alisimama akalisema lote bila kukwama. Kuanzia hapo aliendelea kusoma mashairi kwa sauti, na usemi wake ukafunguka.

Sauti hiyo ndiyo ya mfalme Mufasa katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Hata hivyo, mpaka uzee wake Jones alikiri kwamba kigugumizi hakikumwacha kabisa. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 93.

Tunajifunza nini katika Neno?

Musa alimwambia Mungu kwamba yeye ni mzito wa kusema. Mungu hakumfukuza, wala hakumwacha nyumbani akamtuma mwingine badala yake. Alimpa Haruni ili waende pamoja. Na kitabu cha Kumbukumbu la Torati, karibu chote, ni hotuba za mtu yule yule aliyesema hana ufasaha.

Sisi tulimwondoa mtoto kwenye zamu yake tukaiita huruma. Tulipotubu kosa hilo tulibadilisha utaratibu. Watoto walianza kusoma wawili wawili kwa sauti moja, kisha aliyetaka alisoma peke yake. Mvulana yule tulimwomba awasomee hadithi watoto wadogo, ambao hawakujali akikwama mradi simba asitoroke kwenye hadithi. Siku ya mtihani wa kipaimara mbele ya usharika, mchungaji alikwisha kuwaeleza wazee na wanakwaya wasimsaidie maneno. Alijibu swali lake la Katekisimo Ndogo. Alikwama mara mbili, na usharika ukangoja. Hajapona kigugumizi, lakini anasoma na anazungumza.

Tufanye nini?

1. Tumsikilize mtoto hadi amalize. Tusimmalizie neno wala kumwambia atulie au avute pumzi.
2. Tuangalie anachosema kuliko namna anavyokisema.
3. Tuseme naye polepole sisi wenyewe, bila kumwamuru aseme polepole.
4. Tukomeshe kicheko darasani siku ile ile kinapoanza.
5. Tusome naye kwa pamoja, na tumwachie vitabu achague apendacho.
6. Tukitaka kujua kama anaelewa anachosoma, tumpe pia nafasi ya kujibu kwa maandishi.
7. Kigugumizi kikiendelea zaidi ya miezi sita, au mtoto akianza kuogopa kusema, tumpeleke hospitali tuulizie mtaalamu wa tiba ya usemi. Wataalamu hao ni wachache nchini, hivyo tuanze kuulizia mapema.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Je, katika usharika wetu yupo mtoto tuliyempa kazi nyingine kwa kuwa tuliona aibu kumsikia akisoma?
2. Haruni alimsaidia Musa bila kuchukua nafasi yake. Sisi tunawezaje kufanya vivyo hivyo nyumbani na darasani?
3. Mtihani wa kipaimara ufanyikeje ili kijana mwenye kigugumizi asikimbie mafundisho?
4. Usharika wetu una vitabu gani ambavyo mtoto anaweza kuazima na kusoma mwenyewe?