Binti wa Nyumba Yenye Saratani: Kikundi Kifanye Nini?

Katika vijiji vyetu tunasikia maneno haya: "Nyumba ile ina ugonjwa wao." Mama alikufa kwa saratani ya titi, akafuata dada yake, na sasa macho yote ni kwa binti wa miaka 22. Ati ni laana. Kijana anaonywa asimwoe. Binti naye ananyamaza, na akihisi uvimbe anauficha.

Kwanza tuelewe. Saratani ya titi haiambukizi, na mara nyingi hairithiwi. Kati ya wagonjwa 100, ni kama 5 hadi 10 tu walioupata kwa jeni za urithi. Jeni zinazojulikana zaidi, BRCA1 na BRCA2, ziligunduliwa 1994 na 1995. Zikiwa na kasoro huongeza pia hatari ya saratani ya mfuko wa mayai. Kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na hapa wengi hukosea: baba pia huipitisha, kwa hivyo shangazi wahesabiwe sawa na mama wadogo.

Aliyerithi hajahukumiwa kufa. Zaidi ya wanawake 60 kati ya 100 wenye kasoro hiyo hupata saratani ya titi maishani. Hatari ni kubwa, hatukatai. Lakini wengine hawaipati, na anayefuatiliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi.

Basi binti akae na nyanya yake, waandike nani aliugua, saratani gani, akiwa na miaka mingapi, pande zote mbili. Karatasi hiyo aipeleke kwa daktari. Madaktari wengi huhesabu miaka 10 nyuma: mama akiugua na miaka 42, binti aanze kuchunguzwa titi akiwa na 32. Uvimbe, chuchu kuingia ndani au kutoa damu havingoji umri wowote. Kipimo cha jeni ni ghali. Kama kuna jamaa mgonjwa aliye hai, ni vizuri aanze yeye.

Kikundi kinaweza kutoa nauli na mtu wa kumsindikiza. Siri yake ibaki siri. Hata kumtaja kwenye maombi ya hadharani ni kumtangaza.

Ya kuzungumza kikundini:
Binti akitaka kuja kwetu, amwendee nani?
Mchumba aambiwe lini, na nani wa kumwambia?
Tutenge pesa ngapi za nauli?