Wokovu Unaopimwa kwa Gorogoro

Somo: Luka 19:1-10

Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake, toba yake ilionekana kwenye hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Wokovu wake uligusa mfuko.

Mimi nilisomea biashara. Darasani tulifunzwa kwamba jina jema la biashara ni mali. Likinunuliwa pamoja na biashara, huandikwa hata kwenye vitabu vya hesabu. Lakini jina analobeba Mkristo si lake peke yake. Ni la Kristo.

Sasa tuje hapa kwetu Matiliku. Mkulima wa ndengu hungoja mvua, hupalilia, huvuna, halafu mnunuzi anakuja. Akinunua, gorogoro yake imepanuliwa. Akiuza mahindi, gorogoro imebonyezwa. Kwake ni faida kidogo tu. Kwa mjane ni karo ya mtoto. Na kama mnunuzi huyo ni mmoja wetu, je? Jumapili akimwalika huyo mama kanisani, mama atakumbuka ile gorogoro.

Wahenga walisema, chema chajiuza. Basi wiki hii tufanye mambo matatu:

1. Pima kwa haki, ukinunua na ukiuza.
2. Mlipe kibarua siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua (Kumbukumbu la Torati 24:15).
3. Kama kuna mtu ulimpunja, mrudishie. Usingoje akudai.

Hapo jirani mwenyewe atakuuliza unasali wapi.