Zizi Linaloenea Mezani: Kuunda Shamba Dogo Ukiwa Kibera au Kawangware

Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware wana boma kichwani. Liko Siaya au Kakamega, Machakos au Kisii: zizi upande wa chini, ghala la mahindi juu ya miguu yake, migomba karibu na bafu. Boma hilo unaweza kulijenga upya kwa katoni, mabanzi na udongo, likatosha juu ya stuli. Wanaofanya hivyo kama uraibu wapo duniani kote. Uingereza, kiwanda cha Britains kilianza kuuza ng'ombe na wakulima wadogo wa madini ya risasi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na huko Dyersville katika jimbo la Iowa, Marekani, kuna makumbusho ya kitaifa ya vitu vya kuchezea vya shambani tangu mwaka 1986. Wao hununua vingi vikiwa tayari dukani. Sisi tutaunda kila kitu kwa mkono, na kwa kazi hii hilo si hasara, kwa sababu kibanda cha dukani hakifanani na kibanda chochote cha hapa kwetu.

Anza na skeli, yaani uhusiano kati ya kitu halisi na kitu chako kidogo. Wazungu wa Ulaya hutumia sana 1:32, Wamarekani 1:64 na 1:16. Achana nazo. Chukua 1:20, kwa sababu ya rula tu: mita 1 inakuwa sentimita 5, na hesabu zote unazifanya kichwani. Mlango wa mita 2 ni sentimita 10. Mtu mzima wa mita 1.7 ni sentimita 8.5. Chumba cha futi kumi kwa kumi, kile ambamo huenda unasomea makala hii, kinakuwa mraba wa kama sentimita 15.

Hapo ndipo tamaa hutuponza. Ploti ya futi hamsini kwa mia, kwa skeli hiyo, ni sentimita 76 kwa 152, yaani sehemu kubwa ya kitanda. Ukitaka ploti nzima nenda 1:50, nayo itaenea kwenye ubao wa sentimita 30 kwa 61, lakini mtu atakuwa na urefu wa sentimita 3.4 na huwezi tena kuonyesha kitasa cha mlango wala msumari. Ushauri wangu ni kujenga jengo moja kwa 1:20 pamoja na uwanja wake, kwenye ubao wa sentimita 40 kwa 60. Hizo ni mita 8 kwa 12 za shamba halisi, zinatosha zizi la ng'ombe mmoja, mtaro, lundo la samadi na mistari michache ya nepia.

Nenda kapime

Kumbukumbu hudanganya vipimo. Mtu akijenga zizi kwa kukumbuka, hufanya paa kuwa refu mno na mlango kuwa mpana mno, kisha hushangaa ng'ombe wake anapoonekana kama mbuzi. Ukienda ushago Desemba, beba utepe wa kupimia na daftari. Pima urefu wa nguzo, umbali kati ya nguzo, kimo cha hori kutoka sakafuni na kiasi ambacho paa limetokeza nje ya ukuta. Piga picha ukiwa umesimamisha rula au fimbo ya mita 1 kando ya jengo, ili picha yenyewe ikupe vipimo ulivyosahau.

Usipokwenda ushago, vielelezo viko karibu. Uwanja wa maonyesho wa Jamhuri Park, ambapo Chama cha Kilimo cha Kenya huandaa Maonyesho ya Kimataifa ya Biashara ya Nairobi, uko Barabara ya Ngong, mwendo mfupi tu kutoka Kibera. Siku za maonyesho utakuta mabanda ya mifugo na mashamba ya mfano. Watu hupita wakitazama fahali. Wewe tazama jinsi boriti zilivyoungana. Mkazi wa Kawangware naye yuko karibu na Kabete ya Juu, kwenye kitivo cha kilimo na kile cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Omba ruhusa kabla ya kuanza kupima vitu vya watu.

Haya hapa machache ya kuanzia. Kijumba cha kulala ng'ombe mmoja wa maziwa katika zizi la kulishia ndani huwa na upana wa karibu mita 1.2 na urefu wa mita 2.1, kwa hivyo wewe kata sentimita 6 kwa 10.5. Bega la ng'ombe wa Friesian liko kwenye mita 1.4 hivi, sawa na sentimita 7. Ghala la mahindi la mabanzi halizidi mita 1.5 kwa upana, kwa sababu likiwa pana zaidi upepo haufiki katikati na mahindi huoza. Kwako hizo ni sentimita 7.5. Miguu yake ni ya karibu mita 1, nawe utaipa sentimita 5. Usisahau vizuizi vya panya, ile mikebe ya bati iliyopinduliwa kwenye kila mguu. Wajenzi wengi wa vitu vidogo huviacha, na mkulima yeyote atakayeangalia ataona mara moja kwamba ghala hilo halijawahi kuhifadhi kitu.

Mabati

Paa ndilo ambalo jicho huliona kwanza, na mabati ndiyo yanayowashinda wengi. Bati la kawaida lenye mawimbi lina umbali wa milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo. Kwa 1:20 hiyo ni karibu milimita 4. Katoni nene ya kufungia redio au televisheni, ukiibandua karatasi ya juu, ina mawimbi ya kama milimita 6 au 7. Hayo ni makubwa mno, na ndiyo sababu mapaa ya katoni huonekana kama ya wanasesere. Tafuta katoni nyembamba, ya aina inayobebea pitsa au vifaa vidogo vya umeme, yenye mawimbi ya milimita 3 na kidogo. Lowesha karatasi ya juu kwa kitambaa chenye maji, ngoja dakika chache, uimenye taratibu.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya karatasi ya alumini. Gundisha vijiti vya mishikaki kimoja kando ya kingine juu ya ubao mdogo, kama ishirini hivi. Vijiti hivyo vina unene wa karibu milimita 3. Weka juu yake alumini ya jikoni iliyokunjwa mara mbili, kisha kwa kijiti kingine sugua kila bonde, ukianzia katikati na kwenda nje ili karatasi isipasuke. Mkebe wa soda unatoa bati gumu zaidi, ila kingo zake hukata vidole, na kazi hiyo si ya mtoto.

Sasa, usifunike paa kwa kipande kimoja. Bati halisi huuzwa kwa urefu wa mita 2, 2.5 au 3, kwa hivyo kata vipande vya sentimita 10, 12.5 na 15, uvipandishe kidogo kimoja juu ya kingine, wimbi moja na nusu upande wa kando. Anza kupiga kutoka chini kwenda juu, kama fundi, ili la juu lilalie la chini na maji yasiingie. Misumari hupigwa kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni, na hufuata mstari wa boriti iliyo chini. Toboa vitundu kwa ncha ya sindano kwenye mistari hiyo tu. Paa lenye misumari iliyotawanyika ovyo ni paa linalovuja.

Kutu nayo ina mahali pake. Huanza kwenye msumari, kwenye ukingo uliokatwa na pale mabati mawili yanapolaliana, kisha huteremka na maji. Rangi ya kahawia iliyopakwa paa zima haionyeshi kitu. Unaweza kutumia kutu yenyewe: kwangua bati kuukuu, chekecha unga wake kwa kitambaa cha soksi, uchanganye na gundi nyeupe iliyotiwa maji mengi, uupake kwa brashi nyembamba kutoka msumarini kwenda chini.

Mbao zilizozeeka

Kwa mafundi wa samani walioko kando ya Barabara ya Ngong na Dagoretti Corner hakukosi vipande na vumbi la mbao. Mara nyingi utapewa ukiomba vizuri. Vipande vya saipras hupasuka kwa urefu vikikatwa kwa kisu kizito, na vipande hivyo vyembamba ndivyo mabanzi yako. Usivinyooshe sana. Banzi la kweli lina ganda upande mmoja na halifanani na mwenzake.

Mbao mpya ni za manjano, ilhali za zizi ni za kijivu. Rangi ya kijivu ya dukani huifunika mishipa ya mti, kwa hivyo iache. Chukua pamba ya chuma ya kusugulia sufuria, ikatekate, iloweke kwenye siki nyeupe usiku kucha katika chupa ya plastiki. Kifuniko kilegeze, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi, na usiiweke karibu na jiko. Siku ya pili paka mbao zako chai ya rangi nzito, ziache zikauke, halafu zipake ile siki. Tanini ya chai ikikutana na chuma, mbao hugeuka kijivu mbele ya macho yako, na baada ya saa moja zinaonekana kama zimenyeshewa miaka kumi. Jaribu kwanza kwenye kipande kibovu: chai ikizidi, mbao huwa nyeusi.

Ardhi na mimea

Udongo mwekundu wa Dagoretti na Kawangware tayari una rangi inayotakiwa. Uchome kwenye sufuria kuukuu kwanza, uue mbegu na wadudu, kisha uchekeche. Paka ubao gundi nyeupe, nyunyiza udongo, ukauke, upulize uliobaki. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa juani, huwa samadi nzuri kuliko kitu chochote cha dukani.

Kabla hujafika kwenye mimea, uliza swali moja: mvua ikinyesha, maji yanaenda wapi? Yanaanguka kutoka ukingoni mwa paa, yanachimba mstari ardhini, yanarusha matope ukutani hadi kimo cha kama sentimita 30, yaani sentimita 1.5 kwako. Paka utepe huo wa udongo chini ya kuta zote. Mlangoni ng'ombe amekanyaga, kwa hivyo hapo pana bonde na hapana nyasi. Nguzo anayojikunia inang'aa kwenye kimo cha bega lake. Alama hizi tatu hazina gharama, na ndizo zinazotofautisha zizi na sanduku lenye paa.

Mahindi yapandwe kwa nafasi zake. Sentimita 75 kati ya mistari na 25 hadi 30 kati ya mashina huwa milimita 37.5 na milimita 12.5 hadi 15. Shina ni waya mwembamba au njiti ya ufagio, majani ni karatasi ya manila iliyopakwa rangi ya kijani na kukunjwa katikati. Kila shina litakula dakika kadhaa, ndiyo maana nashauri mistari michache tu. Migomba ni rahisi zaidi: karatasi ya gazeti iliyoviringishwa kwa shina, na majani yachanwe kingo, kwa kuwa upepo haujaacha jani zima la mgomba popote. Ng'ombe muunde kwa waya, ufundi uleule wa magari ya waya ambao watoto wa mitaa hii wanaujua, kisha mfunike kwa gazeti lililolowekwa gundi. Ukinunua wa plastiki kwenye mitumba ya soko la Toi, mpime bega kabla ya kulipa.

Si lazima shamba lako liwe la ushago. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Solidarités la Ufaransa lilisaidia familia za Kibera kulima mboga kwenye magunia, na kilimo hicho kingali kinaonekana mitaani. Gunia la karibu sentimita 90 linakuwa sentimita 4.5. Lishone kwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi nene, lijaze udongo, toboa ubavuni, uchomeke sukuma wiki za karatasi laini juu na kwenye matundu. Weka matatu kando ya ukuta wa mabati, kuku wawili, mtungi wa lita 20 wenye kimo cha sentimita 2, na unalo shamba la Laini Saba, Kibera, ambalo hakuna kiwanda cha ng'ambo kitakuuzia. Kwa anayeanza, ningependekeza hili kuliko zizi.

Usalama na utunzaji

Chumba kimoja kinapikiwa, kinalaliwa na kufanyiwa kazi, kwa hivyo rangi za mafuta, tina na gundi kali zitumie nje au mlangoni, jiko likiwa limezimwa. Wembe ufungie mkebeni. Gundi ya unga wa ngano ni ya bei nafuu lakini mende na panya huila. Itumie kwa ng'ombe wa gazeti pekee, na ukishamaliza umpake vanishi kila upande, pamoja na chini ya kwato. Majengo yaunge kwa gundi nyeupe ya mbao.

Kati ya Machi na Mei, wakati wa masika, katoni hunyonya unyevu na kupinda. Paka vanishi chini ya ubao pia, na uuinue juu ya vizibo vinne vya chupa ili hewa ipite. Vumbi la msimu wa kiangazi huondolewa kwa brashi laini ya vipodozi, kamwe si kwa kitambaa, kwani kitambaa hung'oa mahindi. Na ubao usizidi ule wa 40 kwa 60: unapita mlangoni, unakaa mapajani ndani ya matatu ya namba 8 au 46, na kondakta hakulipishi kiti cha pili.