SOMO LA KIINGEREZA: "STEAL", "ROB" NA "BURGLE"

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, mtu aliyepotewa na mali yake kwa mikono ya waovu husema neno moja tu: "Nimeibiwa." Kuku wake wakichukuliwa bandani pasipo yeye kujua, husema hivyo. Akizuiwa njiani na kutishwa kwa panga, aghalabu husema hivyo. Na nyumba yake ikivunjwa usiku, husema vivyo hivyo. Tunayo maneno mengine, kama vile kunyang'anya na kupora, lakini "nimeibiwa" hutosha, kwa kuwa msikilizaji huuliza, "Ilikuwaje?" naye huelezwa.

Kiingereza kina maneno matatu kwa mambo hayo matatu, na kila moja lina mahali pake. Anayetoa maelezo yake kwa Kiingereza katika kituo cha polisi yampasa kuyajua, maana kila neno ni kosa lake mbali, na kila kosa lina adhabu yake mbali. Basi na tuyatazame moja moja.

"STEAL"

Maana yake ni kuchukua mali ya mtu bila haki. Neno hili lina udugu na "stealth", yaani kufanya jambo kwa siri na kwa kunyata. Linalofuata baada ya "steal" ni kitu kilichoibwa, wala si mtu mwenye kitu. Twasema: "He stole my bicycle", au "He stole a bicycle from my neighbour."

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Kiswahili husema "wameniibia", na mwenye mali huwa ndani ya kitenzi. Mwanafunzi akifuata njia hiyo huandika "They stole me", na Mwingereza huelewa kwamba ni mtu mwenyewe aliyechukuliwa kama mbuzi! Hata sisi twajua kwamba "kuibwa" si sawa na "kuibiwa". Basi usiandike "I was stolen", andika "My money was stolen." Mwenye kutenda kosa hili huitwa "thief", na kosa lenyewe "theft".

Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1930, wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 3, isipokuwa pale sheria ilipotaja adhabu nyingine, kama katika wizi wa mifugo.

"ROB"

Neno hili lina nguvu ndani yake. Ni kumnyang'anya mtu mali yake kwa kumpiga au kumtisha. Asili yake ni moja na ya neno "robe", yaani joho, kwa kuwa zamani nguo zilikuwa miongoni mwa nyara ambazo mshindi alimvua aliyeshindwa. Ukikumbuka mtu anayevuliwa nguo zake, hutasahau ya kuwa "rob" humfuata mtu, wala si kitu. Twasema: "They robbed me", au "They robbed me of my bicycle." Hatusemi "They robbed my bicycle."

Mnyang'anyi huitwa "robber", na kosa lake "robbery". Sheria ya Kenya husema kwamba mwizi akitumia nguvu, au akitisha kuzitumia, wakati wa kuiba, au punde kabla yake, au punde baada yake, kosa si wizi tena bali ni "robbery", na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Tena, akiwa na silaha ya hatari, au akiwa pamoja na mwenzake mmoja au zaidi, au akimjeruhi au kumpiga mtu, adhabu iliyoandikwa ni kifo. Kutoka miaka 3 hata kifo ni safari ndefu, na mwanzo wake waweza kuwa neno moja lililoandikwa katika karatasi.

"BURGLE"

Neno hili hufuatwa na nyumba. Twasema: "Our house was burgled last night." Mwenye kutenda huitwa "burglar", na kosa "burglary".

Kwa sheria ya Kenya, kuvunja nyumba ya kukaa watu na kuingia kwa nia ya kutenda kosa kubwa huitwa "housebreaking", nako kuna kifungo kisichozidi miaka 7. Likitendwa usiku ndipo huitwa "burglary", na kifungo huongezeka hata miaka 10. Wala si lazima mlango upasuliwe. Kuusukuma mlango uliofungwa bila kufuli ni kuvunja. Si lazima mtu aingie mzima. Mkono ukipita, au fimbo aliyoishika ikipita, ameingia. Tena si lazima aondoke na kitu, maana nia yake yatosha.

Waingereza wenyewe, wakizungumza ovyo, husema "My house was robbed." Katika mazungumzo hakuna ubaya, lakini mahakama haihukumu kwa lugha ya barazani.

JIHADHARI NA SAA

Je, usiku ni lini? Sheria imeupima: tangu saa 12.30 jioni hata saa 12.30 asubuhi. Na hapa pana mtego mwingine. Tuseme nyumba ilivunjwa saa moja asubuhi, jua limekwisha kutoka. Mwenye nyumba akifasiri neno kwa neno, ataandika "one o'clock in the morning". Lakini kwa Kiingereza hiyo ni saa saba ya usiku! Kosa lililotendwa mchana limegeuka kuwa la usiku, na miaka 7 imekuwa 10. Au hakimu ataona kwamba mashahidi wengine wanataja mchana, naye ataacha kumwamini msema kweli. Saa moja asubuhi ni "seven o'clock in the morning".

LA KUFANYA

Usipokuwa na hakika ya neno, usitafute jina la kosa. Eleza tendo lenyewe kwa utaratibu: nani alifanya nini, kwa mkono au kwa silaha, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, na jua lilikuwa wapi. Kulipa kosa jina lake ni kazi ya wenye sheria. Kabla ya kutia sahihi, omba usomewe maelezo yako.

Tena kumbuka kwamba tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya pamoja na Kiingereza, na mshitakiwa asiyefahamu lugha inayotumika mahakamani ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Kusema kweli kwa Kiswahili safi ni bora kuliko kusema uongo bila kukusudia kwa Kiingereza cha kubahatisha.

ZOEZI

Jaza mahali palipoachwa wazi:

1. Somebody ...... three hens from our yard.
2. Two men with knives ...... the shopkeeper of his watch.
3. Our house was ...... at midnight.
4. Fasiri kwa Kiingereza: "Walikuja saa mbili usiku."

Majibu: 1. stole. 2. robbed. 3. burgled. 4. They came at eight o'clock at night.